Vitinda Wawili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kitinda alifagia karakana. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ilikuwa yake tangu alipoweza kushika ufagio mrefu. Alianzia kona ya nyuma, kwenye mbao zilizolazwa juu ya matofali, akaja taratibu mpaka mlangoni huku akikusanya maranda na vumbi la mbao kwenye debe. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kilichoegemezwa ubavuni mwa nyumba, chenye paa la bati, dirisha moja la nondo na mlango mdogo wa kutokea jikoni.

Siku hizi alifagia kama mtu anayefagia nyumba ya jirani. Maranda aliyaona, ila harufu yake hakuisikia. Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu baba yake, fundi seremala aliyejulikana mtaa mzima, augue wiki mbili na kufariki. Watu walilia hasa. Shangazi zake walilia mpaka sauti zikawakauka. Kitinda hakulia. Wala si kwamba alijikaza, chozi lilikataa tu kuja. Umewahi kuukalia mguu vibaya ukafa ganzi, ukaugusa ukadhani ni wa mtu mwingine? Ndivyo alivyokuwa mwili mzima, kuanzia utosini mpaka kwenye unyayo.

Jina lake hasa liliandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na huko ndiko lilikobaki. Nyumbani na mtaani aliitwa Kitinda, kwa sababu ndiye kitindamimba. Kaka zake wawili walikuwa watu wazima na waliishi mbali. Lakini nyumba ile ilikuwa na vitinda wawili. Huyo wa pili alikuwa wa chuma.

Baba alikuwa na mashine ya kutobolea, ile inayosimama juu ya meza yake, yenye mkono wa kushushia. Alisema mashine ile ni mama mwenye watoto wengi. Ncha za kutobolea, nene na nyembamba, ni watoto wake. Jiliwa, kile chuma kizito cha kubania ubao usicheze, ni mtoto wake mkubwa asiyependa kuhama. Na ule ufunguo mdogo wa kukazia ncha, wenye umbo la herufi T na meno kama ya gurudumu, ndiye kitinda, kwa kuwa ni mdogo, amedekezwa, na daima hajulikani aliko.

“Ufunguo ungeitwa kifunguamimba, kaka,” baba mdogo, aliyefanya naye kazi, alizoea kumtania. “Wewe unauita kitinda! Kiswahili umesomea wapi?”

“Nimesomea hapa hapa, nikikutafutia vitu unavyopoteza,” baba alijibu.

Baba alipoita “Kitinda!”, mtoto aliitika “Abee!” na baba mdogo akaanza kupapasa mezani. Wote watatu walicheka. Hiyo ilikuwa zamani, miezi mitatu tu iliyopita, lakini kwa Kitinda ilikuwa zamani sana.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama na baba mdogo hawakulijua. Siku ya mazishi, shangazi mmoja alimkabidhi Kitinda shati la kazi la baba akaliloweke. Kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na ufunguo ule. Kitinda aliunusa. Ulinuka mafuta ya mashine, jasho na vumbi la mbao, yaani ulinuka baba. Akautia mfukoni mwa sketi yake, na tangu siku hiyo haukutoka. Alilala nao, akaamka nao, akaenda nao shule.

Kwa miezi mitatu hakuna aliyeuulizia. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka. Baba mdogo alitengeneza vitanda na kurekebisha milango kwa msumeno na randa. Mama, ambaye zamani alikuwa mtu wa msasa na vanishi, alikuwa akijifunza mambo mengine kidogo kidogo.

Kisha muuguzi mkuu wa zahanati akamwagiza mama stuli ishirini. Wagonjwa walikuwa wanasubiri wamesimama, na yeye alizitaka Ijumaa bila kukosa. Mtaani watu walikwisha sema yao. “Mwanamke na mashine wapi na wapi? Atafunga tu.” Mama aliyasikia. Jumapili baada ya chakula alimwambia baba mdogo mbele ya Kitinda, “Shemeji, hizi stuli zikitoka vizuri, karakana inaendelea. Zikinishinda, nafunga mlango huu, na mashine iende kwa mtu anayeiweza. Sitaki kuhangaika mara mbili.”

Kila stuli ilitaka matundu manne ya miguu, yote ya kipimo kimoja. Bila mashine ile, haikuwezekana kumaliza kwa siku tano. Jumatatu asubuhi mama akaliondoa shuka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ncha zilipatikana ndani ya kopo la rangi, zimechanganyika na misumari. Brashi ya kufutia vumbi ilikuwa nyuma ya mlango. Miwani ya kukinga macho haikuonekana, na jiliwa lilikuwa halijulikani kabisa lilipo. Baba alijua kila kitu kilipo, lakini alijua peke yake. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake.

“Na kitinda?” mama aliuliza, amepiga magoti chini ya meza.

“Mara ya mwisho alikuwa naye kaka,” alisema baba mdogo.

“Mara ya mwisho ulikuwa nao wewe. Ulikaza ncha siku ile ya mlango wa kanisa.”

“Nilimrudishia!”

Mama alimtazama kwa jicho la mtu anayemjua shemeji yake. Baba mdogo aliwahi kupoteza ngazi. Ngazi nzima, jamani. Kisha mama akamgeukia binti yake aliyeshika ufagio. “Kitinda, umeuona ufunguo wa mashine?”

“Sijauona, mama.”

Uongo ulitoka kirahisi, kama maji. Kitinda mwenyewe alishangaa. Alingoja moyo umuume, haukuuma. Alichukua mkoba akaenda shule.

Siku nzima ya Jumatatu ikapotelea kwenye kutafuta. Jumanne, mama alikuwa uani akipiga msasa, na baba mdogo alikuwa ndani ya karakana akikata mbao kwa msumeno, kelele mtindo mmoja. Mama akapaza sauti.

“Shemeji! Kitinda yuko wapi?”

“Yuko shule!”

Mama akaacha msasa. “Shule? Amefikaje shule?”

“Si kwa miguu yake!”

Kwa mama, huo ulikuwa mzaha mbaya. Alijua fundi wa shule, yule aliyetengeneza madawati, alikuwa na mazoea ya kuazima vifaa vya marehemu. Basi, alijisemea, shemeji ameuazimisha ufunguo halafu anajifanya kuchekesha. Alijifunga kitambaa cha kichwa akatoka, viatu vyenye madoa ya vanishi miguuni, mpaka shuleni.

Mlangoni mwa ofisi alimkuta mwalimu wa darasa la sita.

“Shikamoo, mwalimu. Samahani kukusumbua. Nimemfuata Kitinda.”

“Marahaba, mama. Kuna dharura nyumbani?”

“Dharura kubwa. Bila yeye kazi haiendi.”

Mwalimu alishangaa kidogo, lakini akatuma mtu darasani. Msichana aliyekaa dawati moja na Kitinda, ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alimpiga kikumbo. “Mama yako amekuja! Unaitwa! Nenda upesi, labda mmepata wageni!”

Kitinda akatoka. Alipomwona mama kwenye kibaraza cha ofisi, mkono wake wa kulia uliingia mfukoni wenyewe.

“Huyu hapa, mama,” alisema mwalimu.

“Siye huyu,” alisema mama.

Mwalimu akamtazama mtoto, akamtazama mama. “Siye huyu? Kwani huyu si wako?”

“Ni wangu, mwalimu, tena wa kumzaa. Ila namtaka yule mwingine, yule wa chuma.”

Ikabidi mama aeleze. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi wa shule akaitwa, akaapa hajaazima hata msumari. Mama naye akatabasamu kwa aibu, lakini tabasamu lilikwisha upesi. Akainama kidogo, akamtazama Kitinda usoni. Sauti yake ilikuwa imechoka.

“Mwanangu, mimi nimeshaishiwa pa kutafuta. Hata wewe kweli hujauona?”

Ufunguo ulikuwa ndani ya kiganja cha Kitinda, umepata joto. Kati yake na mama palikuwa na hatua moja. Alijua kabisa afanye nini, na alijua kabisa kwamba hatafanya.

“Sijauona, mama.”

“Haya. Rudi darasani.”

Alirudi. Redio alimwuliza maswali saba kabla hajakaa, na la nane likawa, “Mbona mkono hautoki mfukoni? Umeumwa na nini?” Kitinda akautoa. Meno ya ufunguo yalikuwa yamechora alama nyekundu kwenye kiganja chake. Aliziangalia. Hazikumuuma, na hilo peke yake lilimtia hofu kidogo.

Aliporudi nyumbani alasiri, mlango wa karakana ulikuwa wazi na mashine ilikuwa kimya. Juu ya meza palikuwa na damu. Si nyingi, lakini ilikuwa damu, imelowa kwenye maranda. Ubao wa stuli ulikuwa sakafuni, umepasuka pembeni. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kizingiti ameshika kichwa.

“Mama yuko wapi?”

“Zahanati. Jirani amemsindikiza.” Baba mdogo hakuinua uso. “Nilimwambia asubiri. Akasema Ijumaa haisubiri. Akakaza ncha kwa koleo, ubao akaushika kwa mkono. Koleo haiwezi kukaza kitu kile, Kitinda. Ncha ilianza kucheza, ikauma ubao vibaya, ubao ukazunguka ukampiga mkono.”

Kitinda alisimama akitazama ile damu. Ni ya mama, alijiambia. Akangoja tena, kama jana. Hakuhisi kitu. Alichukua ufagio, akayakusanya maranda yenye damu, akayatia kwenye debe, kisha akarudia kufagia pale pale palipokuwa pasafi tayari. Mikono ilikuwa imejua kabla yake.

Mama alirudi jua likiwa bado juu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Nyuzi sita, na kidole cha shahada kimefungiwa kijiti. Hakuonekana kuumwa. Alionekana kama mtu aliyesafiri mbali. Aliketi kwenye kiti cha baba na kumwangalia baba mdogo.

“Nilikuuliza kitinda yuko wapi. Ukanijibu yuko shule.”

“Nilidhani unamwulizia mtoto, shemeji! Haki ya nani.”

“Saa nne asubuhi nimwulizie mtoto wa nini? Sijui kama huwa anakwenda shule?” Mama hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. “Tangu ujana wako unapoteza vitu na kaka yako anakufichia. Sasa kaka yako hayupo. Mimi sina mkono wa kupoteza kila wiki.”

Baba mdogo aliinuka, akachukua msumeno wake, randa yake na nyundo yake, akaanza kuvifunga kwenye gunia. Alifanya taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. “Labda nitafute kazi kwingine,” alisema. “Nisije nikakuumiza tena.”

Kitinda alikuwa kwenye mlango mdogo wa jikoni. Aliona gunia likijaa. Alijua akinyamaza sasa, baba mdogo ataondoka, stuli hazitatengenezwa, mlango utafungwa, na mashine itabebwa na watu asiowajua. Ufunguo utabaki wake peke yake, na hautakuwa na kitu cha kufungua. Hakupata ujasiri wowote wa ghafla. Alitembea tu mpaka mezani, miguu ikiwa mizito, akautoa ufunguo na kuuweka mbele ya mama.

“Ni mimi,” alisema. “Ninao tangu siku ya mazishi. Ulikuwa kwenye shati lake.”

Baba mdogo aliutazama ufunguo, gunia mkononi.

“Kumbe kweli alikuwa shule,” alisema polepole.

Hakuna aliyecheka. Mama aliuliza, “Hata pale ofisini ulikuwa nao?”

“Ulikuwa mkononi mwangu.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Ulikuwa unanuka baba. Sasa haunuki tena. Unanuka mfuko wangu. Hata hivyo sikutaka kuutoa. Nisamehe, mama. Na baba mdogo, nisamehe. Wewe hukupoteza kitu.”

Mama aliuchukua ufunguo kwa mkono mzima, akaupeleka puani. Kisha akamwambia shemeji yake, “Fungua hilo gunia. Nimekukosea, na nimekukosea mbele ya mtoto, kwa hiyo nakuomba radhi mbele yake. Nilihukumu kabla ya kujua.”

“Yamekwisha, shemeji,” alisema baba mdogo, akijifuta jicho kwa kiwiko. “Ila na mimi ile ngazi bado sijaiona.”

Hapo mama akacheka kidogo kupitia puani. Kicheko hicho ndicho kilichokuwepo siku hiyo, kikatosha.

Halafu akamgeukia Kitinda. “Umefagia chumba hiki miaka mingapi?”

“Mitano.”

“Basi wewe ndiwe unayejua kila kitu kilipo. Miwani iko wapi?”

“Ndani ya mtungi uliovunjika, chini ya dirisha. Aliitia humo isikwaruzwe.”

“Na jiliwa?”

“Chini ya mbao za mwisho, kwenye tofali la pili. Alilitumia kugandamiza ubao uliopinda, akalaza mbao nyingine juu yake.”

Baba mdogo aliinua mbao, na kweli, jiliwa lile pale, mtoto mkubwa asiyependa kuhama. Mama akatikisa kichwa. “Siku mbili tumetambaa kama watoto, na mwenye kujua anatufagilia miguuni.”

Jumatano baada ya masomo, walitengeneza ubao wa vifaa vya mashine. Mama alielekeza, kwa kuwa mkono mmoja haufanyi kazi ya miwili. Baba mdogo alikata ubao mpana na kuupigilia ukutani, upande wa kulia wa mashine, mahali ambapo mtu anafika kwa kunyoosha mkono bila kuhama. Kitinda alipima ncha moja moja, nao wakatoboa matundu ya kuzisimamishia, kuanzia nyembamba mpaka nene, kila tundu na kipimo chake kimeandikwa chini. Miwani na brashi vikapata misumari yao. Jiliwa likafungwa kwa boliti kwenye meza ya mashine. Na usawa wa macho, peke yake, pakawa na msumari wa ufunguo. Kitinda alichora umbo la kila kifaa kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana nafasi yake ionekane kutoka mlangoni.

Kazi ilikwenda. Alhamisi na Ijumaa Kitinda aliwahi kutoka shule na ndiye aliyekuwa mkono wa kushoto wa mama. Alikaza ncha, akautoa ufunguo, akautundika, akasema kwa sauti, “Umetundikwa!” Ndipo mama alipogusa swichi, si kabla. Ufunguo ukisahauliwa kwenye mashine inapozunguka, unaruka kama jiwe la manati, na mama hakutaka nyuzi nyingine. Ijumaa saa kumi jioni stuli ishirini zilipakiwa kwenye mkokoteni. Muuguzi mkuu alizikalia tatu, akazitikisa, akasema zimetulia. Mgonjwa mmoja mzee hakungoja ukaguzi umalizike, alishakalia ya nne. Kisha muuguzi akamwuliza mama kama anaweza pia kutengeneza kabati la dawa.

Waliporudi, baba mdogo alikwenda kuoga. Mama na Kitinda walibaki karakana.

“Njoo ukae,” mama alisema. “Nikwambie jambo, na ulishike. Baba yako alikuwa fundi hodari, lakini kuna kitu alikosea. Kila kifaa alikiweka kichwani mwake, na ufunguo mfukoni mwake. Alipoondoka, tukawa kama vipofu ndani ya chumba chetu wenyewe. Kifaa cha kazi kiwe mahali ambapo kila anayekihitaji anakiona. Na wewe ulifanya vilevile na huzuni yako. Uliificha, ukaongeza uongo wa kuilinda, mara ya kwanza na ya pili, mpaka nikaumia na mtu asiye na kosa akafunga gunia. Ungeniambia tu, ‘Mama, nataka kukaa na kitu cha baba,’ ningekupa shati lake. Kusema kweli mapema kungetugharimu dakika mbili. Umenielewa?”

“Nimeelewa, mama.”

“Shati liko kabatini. Ni lako.”

Kitinda akasema kile kilichokuwa kimemkaa moyoni tangu mwanzo. “Mama, mimi sijamlilia baba. Hata tone. Nafikiri nina ubaya.”

Mama akamvuta karibu kwa mkono mzima.

“Huna ubaya. Mimi siku ya mazishi nililia kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Kilio changu mwenyewe bado hakijafika.”

“Sasa tutafanyaje?”

“Tutatengeneza kabati la watu. Kilio kikija, kitatukuta hapa hapa, na tutakiacha kije.” Akainuka, akasogeza ubao mrefu juu ya meza. “Haya, nishikie upande ule.”

Kitinda akaushika.